Kipande cha Aibu

Mkono ndio uliowakutanisha, na haukuwa mkono wa mtu.

Ulikuwa wa mdoli wa dukani, wale wanaovalishwa nguo kwenye madirisha, na ulikuwa umebanwa kwapani na mwanamke aliyekuwa akikata njia katikati ya umati wa saa ya chakula cha mchana. Mdoli mwenyewe alikuwa begani kwake kama majeruhi. Ghorofa ya pili ya jumba la maduka ilikuwa imefurika. Watu wa ofisini walizunguka na sahani wakitafuta meza, watoto waliteleza sakafuni karibu na chemchemi, na spika za darini zilitangaza punguzo ambalo hakuna aliyelisikiliza. Mwanamke alivaa suruali ya kaki yenye mifuko mingi na fulana nyeusi, pini zimejipanga kifuani kama medali za askari. Alipojipinda kumpisha mama mwenye kigari cha mtoto, ule mkono wa plastiki ulijipinda naye, ukafagia sinia la mtu aliyesimama mlangoni mwa mkahawa mpya. Vionjo vyote vikaruka.

Vyote, isipokuwa kimoja.

"Dada," alisema mwenye sinia, akiitazama sakafu, "ungesema tu kwamba hupendi kimanda."

"Jamani kaka, samahani! Sikukuona. Huyu mdoli ananitesa tangu asubuhi."

"Yeye ndiye aliyenipiga, au ni wewe?"

"Ni mkono wake. Mimi nimeubeba tu."

"Basi nitamshtaki yeye. Anakaa wapi?"

"Dirisha la duka la nguo za harusi, karibu na lifti. Lakini hana mdomo wa kujitetea."

Mwanamume alicheka. Alikuwa mrefu, amevaa koti jeupe la mpishi, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, na ngozi ya mikono yake ilikuwa na alama ndogo za mafuta ya moto, mpya juu ya za zamani. Akamsogezea sinia.

"Kimebaki kimoja. Kula."

"Nimemwaga vyote halafu nile cha mwisho? Mimi nimefunzwa adabu. Kwetu cha mwisho hakiguswi mpaka mwenye nyumba akikatae."

"Na huwa anakikataa?"

Mwanamke alifikiri. "Sijawahi kumwona akikataa."

"Huko chakula hiki kilikotoka, Uhispania, sahani huwekwa katikati na kila mtu anachoma kwa kijiti chake. Na kila mara kinabaki kimoja. Kila mtu anakitaka, kila mtu anajifanya ameshiba. Wenyewe wanakiita kipande cha aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya meza nzima."

Mwanamke alimsimamisha mdoli ukutani, akamwegemeza vizuri asianguke, akakichoma kile kipande cha kimanda kinene cha viazi na kukila palepale, watu wakimpita huku na huku.

"Mimi leo sina aibu," alisema, mdomo umejaa. Kisha akaanza kutafuna polepole. "Kitunguu umekikaanga taratibu."

"Umejuaje?"

"Kina utamu usiokuwa wa sukari."

Mpishi alimtazama upya. Alikuwa amesimama mlangoni pale tangu mkahawa ufunguliwe, akigawa vionjo kwa watu waliosema "kizuri" huku wakitazama simu. Hakuna aliyewahi kutaja kitunguu.

"Unaitwa nani?"

"Nyumbani wananiita Kitinda. Mimi ndiye kitinda mimba."

"Mimi nitakuita Mkono," alisema mpishi, akainama kuokota vimanda sakafuni. Kitinda akainama naye.

*

Kesho yake mpishi alikwenda kumsalimia mdoli. Kitinda alikuwa ndani ya dirisha, pekupeku, akibana shela kwa pini. Mpishi alisimama nje ya kioo na kumwonyesha kwa ishara kwamba shela imekwenda upande. Kitinda akamwonyesha kwa ishara aende akakaange viazi vyake. Waliokuwa wakipita walidhani ni tangazo.

Tangu hapo wakawa wanakutana kwenye korido ya mizigo, nyuma ya jikoni, penye makreti ya nyanya na midoli mibovu iliyosubiri fundi. Hapo ndipo mpishi alipomweleza jinsi alivyoanza kwa kuosha vyombo kwenye hoteli ya bibi mmoja wa Kihispania, akahamia kumenya viazi, mpaka siku bibi alipomwachia kikaango. Alimweleza pia kanuni aliyorithi kwa bibi huyo: sahani haipaswi kurudi jikoni na kipande. Ikirudi nacho, mpishi anauliza kulikuwa na kasoro gani. Na kinachofuata hakitoki mpaka kilichotangulia kiishe.

"Wewe ni mpishi au askari magereza?" Kitinda alimuuliza.

"Mimi nataka watu wamalize walichokianza."

"Na asiyemaliza?"

"Aseme ameshiba. Kusema si kazi. Kujifanya ndiko kunakonikera."

Kitinda alicheka, akamfuta unga shavuni kwa ncha ya kanga iliyokuwa imfunike mdoli. Hakujua kwamba maneno hayo yangekuja kumrudia.

Nyumbani kwao palikuwa na sebule yenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, televisheni iliyowashwa muda wote na meza ya chakula yenye kiti kimoja chenye mikono. Kiti hicho kilikuwa cha baba yake. Baba alifariki Kitinda akiwa mdogo, hata sauti yake haikumbuki vizuri, na tangu hapo aliyekikalia kila Jumapili alikuwa Baba Mdogo. Baba Mdogo hakuwa mtu mkatili. Alilipa ada za shule, alibadilisha bati zilizovuja, na msibani alikuwa wa kwanza kufika. Lakini alikuwa amezoea kwamba akikohoa, watu wananyamaza. Na kila mlo ulipofika mwisho, Mama alikisogeza kipande kilichobaki upande wa kile kiti na kusema, "Mpe baba yako mdogo." Baba Mdogo hakuwahi kukiomba. Wala hakuwahi kukikataa.

Jumapili moja ilitajwa kwamba jirani anamwoza binti yake kwa mpishi wa hoteli.

"Mwanamume anayeshinda jikoni kwa watu," alisema Baba Mdogo, akimenya chungwa, "nyumbani kwake atakuwa na kauli gani?"

"Si atakuwa na chakula?" alisema Kitinda.

"Wewe umezidi mdomo. Huo mdomo utakukosesha mume."

Kitinda alinyamaza. Hilo ndilo alilojilaumia baadaye: angeweza kusema, sentensi ilikuwa imeshafika kwenye meno, na aliimeza.

*

"Mkono wangu."

"Mpishi wangu. Unanuka kitunguu saumu mpaka kwenye simu."

"Ndiyo manukato yangu. Siku ya harusi nitajipaka na masikioni."

"Harusi ya nani?"

"Ya mdoli wako. Amesubiri sana dirishani na gauni limeshaanza kufifia." Kisha sauti ya mpishi ikabadilika. "Lini nakuja kwenu, mpenzi?"

"Subiri kidogo."

"Ile kidogo ya mwezi uliopita imeisha, au hii ni mpya?"

"Usinitanie, mwenzio nina mtihani. Baba Mdogo ana mambo yake."

"Umewaambia nafanya kazi gani?"

Kitinda alikuwa amekaa kwenye ngazi za dharura, kijisanduku cha pini mapajani. Alifungua kifuniko, akakifunga.

"Nimemwambia Mama kwamba uko kwenye mambo ya hoteli."

"Mambo ya hoteli."

"Ndiyo. Kwani uongo?"

"Mambo ya hoteli! Kwani kisu nakishika kwa kujificha? Jina langu limeandikwa kwenye ubao pale mlangoni, mtu yeyote anayepita na mfuko wa sabuni analisoma. Ni kwenu tu ndiko ninakokuwa na mambo."

"Mpenzi, si hivyo."

"Basi ni vipi? Nieleze, mimi si mgumu wa kuelewa."

Kitinda alikifungua tena kifuniko, akakifunga.

"Nimeelewa," alisema mpishi taratibu. "Mezani kwenu mimi ndiye kipande cha aibu. Unanitaka, lakini mbele za watu unajifanya umeshiba."

Simu ikakatika.

Alimpigia tena, haikupokelewa. Alikwenda korido ya mizigo akakuta makreti matupu na mlango wa jikoni umefungwa. Mpishi alikuwa ndani, na alizitambua hatua zake, lakini aliendelea kumenya viazi. Wapendanao wawili walipitisha wiki nzima wakitenganishwa na mlango ambao haukuwa na kufuli.

*

Wiki hiyohiyo Baba Mdogo alifika na habari. Kulikuwa na bwana mmoja, meneja wa tawi la kampuni ya bima, mtu mwenye utaratibu wake, aliyemwona Kitinda kwenye harusi ya jamaa na akauliza. Alitaka wakutane Jumapili, wale pamoja, yeye na familia.

"Siendi," alisema Kitinda.

"Bwana ameshatualika. Unataka niseme nini?"

"Sema siendi."

Baba Mdogo alikohoa. Mama alimfuata binti yake chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Twende tu, mwanangu. Kula si kuolewa."

"Mama, mimi nina mtu."

"Huyo wa mambo ya hoteli?" Mama hakuinua macho. "Mbona hajaja?"

Kitinda alishindwa kusema kwamba hajaja kwa sababu hajaitwa. Akakubali kwenda, na akajidharau kwa kukubali.

Jumapili mchana alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe kutoka kitambaa kilichobaki kwenye pambo la dirisha. Mama alijitanda mtandio wake wa maua madogo. Baba Mdogo alivaa koti la suti lililomzidi mabega, na kofia ya kitambaa aliyoivua na kuivaa kila walipopita kiyoyozi. Bwana Bima aliwapokea chini, kwenye ngazi za umeme, amevaa shati la waridi lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na viatu vinavyong'aa kiasi kwamba taa za darini zilionekana ndani yake. Alimpa Mama mkono kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema.

"Nimechagua mahali penye utulivu," alisema wakipanda. "Pale, mnapaona? Penye ubao wa buluu. Chakula cha Kihispania."

Kitinda aliuona ubao. Ngazi za umeme hazirudi nyuma kwa sababu mtu ameogopa. Alitoa simu, akapiga. Iliita, ikaita. Alijua iko wapi: jikoni kwa mpishi kila simu huwekwa ndani ya kopo la biskuti hadi kazi iishe.

Mhudumu mkuu, mwanamke mnene mchangamfu ambaye wote pale walimwita Dada Mkuu, aliwapokea kwa tabasamu. Alipomwona Kitinda tabasamu likabaki mahali pake lakini macho yakaondoka. Aliwakalisha dirishani, akaingia jikoni.

"Mpishi. Meza ya dirishani. Usitazame."

Mpishi akatazama. Kupitia uwazi wa kupitishia sahani aliliona gauni la kijani, akaliona shati la waridi pembeni yake, na watu wazima wawili waliovaa kama watu wanaokwenda kupokea jibu. Mafuta yalikuwa yakilia kwenye kikaango. Aliyaacha yalie.

"Nikawahudumie au niwaambie meza ile ina wenyewe?" aliuliza Dada Mkuu.

"Wahudumie." Akafungua friji. "Wapelekee kamba. Wale wakubwa."

"Wakubwa? Kwa hao?"

"Hao hao. Kama ananiacha, aniache akijua alichokiacha."

*

Sahani zilianza kuja, ndogo, mojamoja. Kwanza zeituni. Kisha jibini na mkate uliopakwa nyanya. Kisha viazi vya kukaanga vyenye mchuzi mwekundu wa pilipili.

Baba Mdogo alizitazama. "Hiki ni chakula, au ni sampuli?"

"Ndivyo kilivyo, mzee," alisema Bwana Bima. "Wanakula kidogo kidogo, kila kitu kwa wote."

"Na sahani yangu mimi ni ipi?"

"Zote."

"Zote, na hakuna hata moja!" alisema Baba Mdogo, na Mama akacheka kabla hajajizuia.

Bwana Bima alichukua kijiko na kuanza kumgawia kila mtu. Alifanya hivyo kwa nia njema, kama anavyogawa kazi ofisini. Viazi hivi kwa mzee, hivi kwa mama. "Huyu mwembamba, viwili vinamtosha," alisema alipomfikia Kitinda. "Na mchuzi huu una pilipili. Nakuondolea."

"Napenda pilipili," alisema Kitinda.

"Itakusumbua tumbo," alijibu kwa upole, akimfutia mchuzi kwenye viazi kwa upande wa kijiko.

Kamba walifika kwenye bakuli la udongo, mafuta bado yanachemka, kitunguu saumu kimekatwa vipande vyembamba kama karatasi. Mama alikula mmoja. Akafumba macho. Alipodhani hakuna anayemwona alimega mkate, akauchovya kwenye mafuta, akaula haraka kama mtoto anayeiba sukari. Kitinda aliona. Alimjua aliyepika hicho. Kila sahani iliyofika ilikuwa sauti yake, na haikuwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. Ilikuwa sauti ya mtu anayegombana.

Ndipo kikaja kimanda cha viazi, kimekatwa vipande, vijiti vimechomekwa. Watu walisahau mazungumzo. Hata Bwana Bima aliweka kijiko chini. Vilikwisha upesi, kikabaki kimoja.

Baba Mdogo alijifuta mdomo. "Basi, mwanangu. Mgeni wetu ni mtu wa shughuli nyingi. Tusiinuke hapa bila neno lako."

Kitinda alikitazama kile kipande. Mama, kwa mazoea, akaisogeza sahani. "Mpe baba yako mdogo."

"La, leo kuna mgeni," alisema Baba Mdogo, akakisogeza kwa Bwana Bima.

"Siwezi, mzee. Tafadhali."

"Wewe kula, kijana."

"Basi mama."

"Mimi nimeshiba, mwanangu. Shemeji, kula."

Sahani ilizunguka meza. Kila mkono uliisukuma, na kila jicho liliisindikiza. Hatimaye ikasimama katikati, na wote wakaendelea kungoja chakula kingine. Hakikuja. Wakangoja. Meza za jirani zilipata sahani zao, zikacheka, zikagonga glasi. Bwana Bima akamwita Dada Mkuu.

"Vipi, wengine wanahudumiwa?"

Dada Mkuu alishika mikono mbele ya tumbo. "Samahani sana. Mpishi anasema sahani isirudi na kipande. Kinachofuata hakitoki mpaka hiki kiishe."

"Mpishi anasema?" Baba Mdogo aliweka kofia mezani. "Tangu lini mpishi anasema?"

"Mwite," alisema Bwana Bima.

Alikuja na aproni yake ya buluu, kitambaa begani. Alisimama mbele yao wima. Hakumtazama Kitinda.

"Nimeitwa."

"Kijana, wewe unawapangia wateja namna ya kula?" aliuliza Baba Mdogo.

"Hapana, mzee. Shikamoo. Nauliza tu kama kuna kasoro."

"Hakuna kasoro. Tumeshiba."

"Kama mmeshiba, naiondoa sahani, hakuna neno. Lakini nimesimama pale nikiwatazama. Hakuna aliyeshiba hapa." Sauti yake haikupanda. "Anayekitaka na akile. Kujifanya ndiko nisikokuweza."

Maneno yalisemwa kwa meza, lakini yalikuwa na anwani.

Kitinda alisimama. Kiti kilikwaruza sakafu na watu wa meza za jirani wakageuka.

"Hakina kasoro," alisema. "Kitunguu kimekaangwa taratibu." Akanyoosha mkono.

"Kitinda," alinong'ona Mama, "baba yako mdogo hajala."

"Amekataa, Mama. Nyote mmekataa, nimewasikia. Mimi sijashiba." Akakichukua, akakila akiwa amesimama, bila haraka, mpaka akakimaliza. Akakilaza kijiti ukingoni mwa sahani. "Baba Mdogo, ulitaka neno langu. Bwana Bima, nisamehe. Neno hili nilipaswa kulisema nyumbani, kabla hujahangaika na viatu vizuri hivyo. Mtu wangu ni huyu. Yale mambo ya hoteli ndiyo haya, kikaango na mafuta. Niliona haya kusema. Leo haya imekwisha."

Mpishi alimtazama sasa.

"Kaa chini," alisema Baba Mdogo.

"Nitakaa. Na yeye atakaa."

"Mpishi? Meza hii?"

"Chakula chake kimekaa nasi muda wote. Kimekuharibia nini?"

Baba Mdogo alikohoa, kikohozi kile cha kunyamazisha sebule. Lakini hapa hapakuwa sebuleni. Chemchemi iliendelea kuchuruzika na spika zikatangaza punguzo la mapazia. "Marehemu kaka angeyaona haya..."

"Marehemu mwache apumzike, shemeji," alisema Mama.

Alisema polepole, lakini wote walimgeukia.

"Marehemu alikuwa ananiachia mimi cha mwisho. Kila siku. Alikuwa anasema aliyepika ndiye amalizie. Ulipokuja wewe kukikalia kiti chake, nilikusogezea siku ya kwanza kwa ugeni tu. Hukukataa. Nami nikanyamaza, nikadhani huko kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Huyu mtoto amekua akidhani ni sheria ya baba yake."

Kitinda alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Bwana Bima ndiye aliyesimama wa kwanza. Alifunga kifungo cha shati, akampa Mama mkono, kisha, baada ya kusita, akampa mpishi.

"Kazi yangu ni kukadiria hatari," alisema. "Hii sikuiona kabisa. Kamba wako ni wazuri, ndugu yangu." Akaondoka na hatua zake za utaratibu. Baba Mdogo akainuka kumkimbilia na maneno ya kuomba radhi, na kwa haraka ile akaisahau kofia mezani.

Wakabaki wao, na Mama aliyekuwa ghafla na shughuli nyingi sana na kokwa za zeituni zake.

"Nilikupigia simu," alisema Kitinda.

"Simu iko kwenye kopo."

"Tangu wiki jana?"

"Wiki jana ni mimi niliyekuwa kwenye kopo." Mpishi alijifuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. "Nilisikia ukija koridoni. Sikufungua. Na mimi nilijifanya nimeshiba, Mkono."

"Basi sikiliza, maana nimeshasimama na nikikaa nitaogopa. Tuoane. Mimi na wewe. Nakuomba mimi, mbele ya Mama na mbele ya hawa wote wanaotutazama."

"Mpishi!" Dada Mkuu aliita kutoka kwenye kaunta. "Kamba wanaungua!"

"Watoe!" alijibu bila kugeuka.

"Nimeuliza swali," alisema Kitinda.

"Ndiyo. Nasema ndiyo, kabla hujaniletea mkono mwingine." Akavuta kiti cha Bwana Bima na kukaa, aproni na yote. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alisema Mama. "Huu mkate umebaki jikoni?"

Kamba wa pili walifika na mkate mpya na viazi. Walikuwa wameshaanza kula Baba Mdogo aliporudi. Alisimama nyuma ya kiti chake, akaitazama kofia, akalitazama lile bakuli lililokuwa likichemka.

"Nimefuata kofia."

"Hiyo hapo," alisema Mama. "Na kiti hicho hapo. Kaa, shemeji, hakuna aliyekufukuza."

"Sijakubali jambo lolote."

"Hujaulizwa bado. Kula kwanza."

Alikaa. Alikula kamba mmoja kwa hasira, wa pili kwa hasira kidogo. Kwenye wa tatu aliuliza, bila kumlenga mtu, hiki kitunguu saumu kinakatwaje kikawa chembamba hivi, na mpishi akamweleza. Kitinda alimwagia mchuzi wa pilipili kwenye viazi vyake mpaka vikawa vyekundu, na hakuna aliyemwondolea.

Kisha kamba akabaki mmoja.

Mazungumzo yakasita. Mkono wa Baba Mdogo, wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukainuka kutoka gotini. Haukufika. Mama alilivuta bakuli kwake kwa vidole viwili, akamchukua kamba kwa mkono, akamla, akamega mkate na kufuta mafuta yote pembe kwa pembe mpaka udongo ukang'aa. Kisha akajifuta midomo kwa ncha ya mtandio na kuwatazama wote, mmojammoja.

Dada Mkuu alikuja kulichukua bakuli. Aliliinamisha kidogo kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda nalo jikoni. Hapakuwa na la kuuliza.